Una pauni 5 Shottery, mwaka 1605: uzikopeshe kwa njia gani?

Tuanze na hesabu. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Kibarua wa shamba kusini mwa Uingereza alilipwa kama peni 8 kwa siku, kwa hiyo pauni 5 ni ujira wa siku 150. Si utajiri, lakini si hela ya kuchezea. Benki kijijini hakuna. Ukizificha ndani kuna mwizi na kuna moto, na paa lenyewe ni la nyasi. Halafu majirani wanajua unazo. Mmoja anataka mbegu, mwingine anatafuta ng'ombe wa maziwa, wa tatu anamwoza binti yake. Huwezi kuwakatalia wote, maana kesho utawahitaji wewe.

Kukopesha, basi, utakopesha tu. Linalobaki ni kuchagua njia, na njia zilizokuwapo ni nne: mali kauli (deni la neno tu, bila maandishi) mbele ya mashahidi, daftari, hati yenye muhuri, na rehani.

Shottery nimeichagua kwa makusudi. Ni kijiji kilicho mwendo mfupi kwa miguu kutoka mji wa soko wa Stratford-upon-Avon, na ndiko ilikokuwa familia ya Anne Hathaway, mke wa William Shakespeare. Watafiti wamepekua kila karatasi inayoitaja familia hiyo, kwa hiyo habari zao za kukopa na kukopesha tunazijua kuliko za jirani yao yeyote. Dunia inamkumbuka Shakespeare kwa tamthilia. Mahakama ya mji wa Stratford ilimjua kama mdai. Baba yake alidai na akadaiwa, mke wake alishika pesa za mchungaji wa kondoo, na yeye mwenyewe aliburuza watu mahakamani kwa madeni ambayo ungedhani mtu wa hadhi yake angeyasamehe. Nyumba moja inatupa mifano karibu yote tunayoihitaji.

Jambo moja kabla ya kulinganisha. Mtu akikuuliza njia ipi ni salama, muulize kwanza anaogopa nini. Mdaiwa anaweza kusahau, anaweza kukana, anaweza kuhama usiku, anaweza kufa. Kila njia inaziba tundu moja na kuacha jingine wazi. Mimi kifo nimekipa uzito kuliko yote, na sidhani natia chumvi: mwaka 1564, alipozaliwa Shakespeare, tauni iliua watu zaidi ya 200 Stratford, mji ambao wakati huo haukuwa na watu wengi kuliko kata moja ndogo ya leo. Mtu uliyempa shilingi zako mwezi wa Juni huenda Septemba ukamkuta kaburini, na mbele yako amesimama mjane wake anayesema hana habari ya deni lolote.

Kwa nini kila mtu alidai na kudaiwa

Fedha taslimu ilikuwa haba. Sarafu halali zilikuwa za fedha na dhahabu, na chenji ndogo haikutosha. Sasa mishumaa miwili na chumvi kidogo utalipia nini? Mwaka 1613 Mfalme James I alimpa Lord Harington kibali cha kutengeneza vipande vya shaba vya robo peni, na watu hawakuvipenda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1640 wenye maduka walianza kujitengenezea vipande vyao wenyewe, kila mmoja akichapa jina lake, na kipande hicho kilipokelewa pale tu mwenye jina alipofahamika. Serikali iliviondoa ilipotoa shaba yake yenyewe mwaka 1672.

Kwa hiyo mhunzi alimdai mkulima pesa ya viatu vya farasi, mkulima akamdai mwoka mikate bei ya ngano, mwoka mikate akamdai mhunzi mikate ya miezi mitatu. Siku za hesabu zilijulikana, hasa tarehe 25 Machi na 29 Septemba, ambazo pia ndizo zilizokuwa siku za kodi. Watu walikaa pamoja, wakatoa la huyu kwa la yule, na aliyezidiwa akalipa tofauti. Sarafu chache zilizunguka, biashara kubwa ikaenda. Ndiyo maana mtu kuwa na madeni hakukuwa aibu kijijini. Aibu ilikuwa kukwepa siku ya hesabu.

Mali kauli

Hii ndiyo njia iliyobeba biashara nyingi kuliko nyingine zote, na usidhani ilikuwa kuaminiana gizani. Mlipatana sokoni au kwenye kilabu cha pombe, mkashikana mikono, mnunuzi akatoa peni ya arubuni, kisha mkanywa. Waliokuwa wamekaa pale wakawa mashahidi bila kuombwa. Jirani anayeishi nyumba ya tatu, aliyeona mkono ukishikwa na peni ikipokelewa, alikuwa na thamani kuliko karatasi ambayo nusu ya kijiji haikuweza kuisoma.

Mfano mzuri kuliko wote ni wa mchungaji mmoja. Richard Hathaway, baba yake Anne, mkulima wa Shottery, alifariki mwaka 1581. Wosia wake unakiri kwamba anadaiwa na mchungaji wake wa kondoo, Thomas Whittington, pauni 4, shilingi 6 na peni 8. Tazama vizuri nani anamdai nani. Mwenye shamba ndiye mdaiwa, na mchunga kondoo ndiye mdai, kwa kiasi ambacho kibarua angekipata kwa siku 130. Ikapita miaka ishirini. Machi 1601 Whittington naye akaandika wosia. Akawaachia maskini wa Stratford shilingi 40, na akaeleza ziliko: ziko mkononi mwa Anne, mke wa William Shakespeare, ni haki yake anayodai, na William ndiye atakayezikabidhi kwa msimamizi wa mirathi.

Iwe Whittington alikopesha au aliweka amana, kwa mtu wa kijijini lilikuwa jambo lilelile: pesa zake zilikaa kwa watu aliowajua tangu baba yao, na baada ya miongo miwili alikuwa bado anajua ni kiasi gani kiko kwa nani. Hapo ndipo mali kauli inapopita njia zote. Maskini asiyejua kusoma anaweza kuwa mdai wa tajiri. Haihitaji mwandishi wala muhuri, na kwa kawaida haina riba.

Lakini soma tena mfano huohuo uone udhaifu wake. Madeni yote mawili tunayajua kwa sababu watu walikufa taratibu, wakapata muda wa kumwita mtu wa kuandika. Hathaway angeanguka ghafla shambani, mchungaji angesimama mbele ya warithi akiwa na kauli yake peke yake. Na kuna kitanzi kingine: chini ya sheria ya Uingereza mwanamke aliyeolewa hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake mwenyewe wala kushtakiwa peke yake. Shilingi 40 zilikuwa kwa Anne, lakini wa kubanwa ni William. Whittington, ambaye wasomi wa London wangemwona mshamba, alilijua hilo na akamtaja William kwa jina.

Je, mdaiwa akikana? Kabla ya 1602 hali ilikuwa mbaya. Katika shauri la kawaida la deni lisilo na hati, mdaiwa aliweza kujiokoa kwa kuapa kwamba hadaiwi, akileta watu kumi na mmoja wa kuapa kwamba wanaamini kiapo chake. Hakuna ushahidi uliopimwa. Kiapo kikipita, kesi imekwisha. Kisha likaja shauri la John Slade na Humphrey Morley. Slade alimuuzia Morley ngano na rai (nafaka ya jamii ya ngano) zikiwa bado zimesimama shambani Halberton, Devon, kwa pauni 16, na Morley hakulipa. Majaji waliligombania miaka kadhaa, hatimaye mwaka 1602 wakakubali kwamba mdai anaweza kufungua shauri la kuvunja ahadi badala ya shauri la deni, na hilo huamuliwa na baraza la watu kumi na wawili, si kwa kiapo cha mdaiwa na marafiki zake. Kwa hiyo wewe wa mwaka 1605 una bahati kuliko babu yako. Ila usijisahau: hayo ni ya mahakama za mfalme, na kufika huko kunagharimu. Deni lililo chini ya shilingi 40 kwa kawaida liliishia kwenye mahakama ndogo za hapohapo, ambako desturi za zamani hazikuondoka haraka.

Halafu kuna nguvu ambayo haiko kwenye sheria yoyote, nayo ni jina. Mwaka 1592 maofisa waliokusanya orodha ya wasiohudhuria kanisani Stratford waliandika jina la John Shakespeare, baba yake William, pamoja na sababu: anaogopa kukamatwa kwa ajili ya deni. Mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa mji, mtengeneza glovu aliyeheshimika, anakwepa mahali ambapo kila mtu anakutana na kila mtu. Wapo wanaosema kisingizio hicho kilificha mambo ya dini. Hata kama ni hivyo, kisingizio hukubalika kikiwa kinafanana na ukweli ambao watu wanauona kila siku. Na jina lililindwa kweli: kumwita mfanyabiashara mufilisi hadharani kulitosha kukufikisha mahakamani, kwa sababu neno hilo lingewaleta wadai wake wote mlangoni kwa siku moja.

Kwa ufupi, ukimpa mtu wa kijijini kwako, unayemwona kila Jumapili, kiasi ambacho hakitakuua kikipotea, mali kauli inatosha. Uwe na shahidi mwenye afya. Na usilale, wala wa baada yako wasilale: sheria ya 1623 ilikuja kusema kwamba deni lisilo na hati lililokaa zaidi ya miaka sita lisidaiwe tena mahakamani.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka walilijua hilo, ingawa daftari la wengi wao halikuwa la karatasi. Mama muuza pombe alipiga mistari ya chaki ukutani. Wengine walitumia kijiti kilichokatwa alama, kikapasuliwa katikati, kila mtu akabaki na nusu yake. Ukitaka kuthibitisha, unaunganisha nusu mbili na alama zinalingana au hazilingani. Wizi wa kuongeza alama upande mmoja haukuwezekana. Hazina ya serikali yenyewe ilitunza hesabu kwa vijiti vya namna hiyo hadi karne ya 19, na vilipochomwa mwaka 1834 moto ukashika jengo la Bunge.

Daftari la karatasi linafaa kwa deni linalokua kidogo kidogo. Mwaka 1604, kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Mei, nyumba ya Shakespeare ilimuuzia jirani yao Philip Rogers, muuza dawa wa Stratford, kimea cha kutengenezea pombe kwa awamu, jumla busheli 20. Mwezi Juni wakamkopesha na shilingi 2 taslimu. Rogers akalipa shilingi 6 tu. Shakespeare akamshtaki kwa kilichobaki, shilingi 35 na peni 10, akaongeza shilingi 10 za fidia. Deni la namna hiyo, la leo kiasi na wiki ijayo kiasi, hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kulishika bila maandishi. Mdaiwa atakumbuka alichokilipa, atasahau alichokichukua.

Ila kama ushahidi, daftari lilikuwa dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya 1609 ilisema daftari la mwenye duka lisitumike kama ushahidi kwa bidhaa zilizotolewa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya shauri kufunguliwa. Sababu ilikuwa malalamiko ya wateja: mtu amelipa, duka halikufuta, miaka mitatu baadaye, huenda mteja amekwisha kufa, daftari linafunguliwa na warithi wanadaiwa mara ya pili. Sheria hiyo haikugusa biashara kati ya wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe. Wewe mwenye pauni 5 na huna duka, daftari halikusaidii kukopesha. Litakusaidia kukumbuka, basi.

Hati yenye muhuri

Hapa ndipo pesa kubwa zilipoelekea, na hapa ndipo mtu asiye mwangalifu alipoungua. Utaratibu wake ni wa ajabu kidogo kwa macho ya leo. Hati haikusema "nimekopa pauni 5, nitalipa pauni 5". Ilisema mdaiwa amejifunga kulipa pauni 10, mara mbili ya mkopo, kisha chini yake, mara nyingi kwa Kiingereza huku sehemu ya juu ikiwa Kilatini, likafuata sharti: akilipa pauni 5 na riba yake kabla ya tarehe fulani mahali fulani, hati hii itakuwa bure; asipolipa, inabaki na nguvu yake yote. Aliyekopa alitia muhuri wa nta na kuikabidhi mbele ya mashahidi. Kama hakujua kuandika, alichora alama. Muhuri ndio uliokuwa na nguvu, si saini.

Kiasi hicho cha adhabu kilitumika hata pasipo mkopo. Mwaka 1582 William, kijana wa miaka 18, alipotaka kumuoa Anne haraka, wakulima wawili wa Shottery, Fulk Sandells na John Richardson, walijifunga kwa hati ya pauni 40 mbele ya ofisi ya askofu kwamba hakuna kizuizi cha ndoa. Hawakukopa hata peni. Kikizuka kizuizi, hasara ni yao. Mtu mwenye mashamba ya wastani kuweka pauni 40 juu ya ndoa ya watu wengine, ujue ukubwa wa neno jirani pale kijijini.

Faida kwa mdai ni nyingi. Mdaiwa hawezi kujiokoa kwa kiapo, kwa sababu muhuri wake uko mezani. Kikomo cha miaka sita cha sheria ya 1623 hakikuihusu hati ya muhuri. Na kwenye kifo, pale ninapopatazama zaidi, tofauti ni kubwa: msimamizi wa mirathi alilazimika kulipa madeni ya hati kabla ya madeni ya kauli. Mtu akifa na mali isiyotosha, mwenye hati anakula kwanza. Mwenye kauli anabaki na makombo, kama yapo. Wapimaji wa mali ya marehemu waliandika madeni kwa mafungu, yenye hati na yasiyo na hati, na pengine wakatenga yale yenye tumaini na yale waliyokwisha kuyakatia tamaa. Ukitaka kujua deni lako lingekuwa fungu gani, jiulize kama una nta.

Kwa mdaiwa, hati ilikuwa kitanzi. Chelewa siku moja, na kwa mujibu wa sheria ya kawaida unadaiwa mara mbili. Mahakama ya Chancery huko London ilizoea kupunguza adhabu hiyo kwa mtu aliyeonewa, lakini nani wa Shottery atakayepanda farasi kwenda kubishana London kwa ajili ya pauni 5? Sheria ya kumruhusu mdaiwa ajiokoe moja kwa moja kwa kulipa deni, riba na gharama ilikuja mwaka 1705. Baya zaidi ni hili: ukilipa bila kupewa hati yako uichane, au bila risiti nayo yenye muhuri, mdai asiye na haya aliweza kukudai tena kwa hati ileile, na sheria ya kawaida ingemsikiliza. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo siku ya kulipa, pesa mkono huu na hati mkono huu.

Halafu wadhamini. Mdai mwenye akili hakuridhika na muhuri wa mkopaji peke yake. Tarehe 25 Oktoba 1598 Richard Quiney, mtu wa Stratford aliyekuwa London kwa shughuli za mji, alimwandikia Shakespeare barua akimwomba pauni 30. Barua ina upole wote wa mtu wa nyumbani anayemwandikia mwenzake, na papo hapo inataja majina ya kuweka dhamana: Bwana Bushell pamoja naye, au Bwana Mytton. Hawa ni watu waliofahamiana. Baadaye mtoto wa Quiney, Thomas, alimuoa Judith, binti ya Shakespeare. Hata hivyo Quiney hakuwaza kuomba pauni 30 kwa urafiki mtupu. Alijua kikomo cha mali kauli kiko wapi, na alijua pauni 30 zimekivuka. Barua yenyewe ilikutwa baadaye kati ya karatasi za Quiney mwenyewe, kana kwamba haikutumwa.

Udhamini una mwathirika wake. Mwaka 1608 Shakespeare alimshtaki John Addenbrooke kwa deni la pauni 6, akashinda, akapewa na shilingi 24 za gharama. Addenbrooke hakuonekana tena mjini. Mahakama ikamgeukia aliyemwekea dhamana ya kufika mahakamani, Thomas Horneby, mfua chuma. Mtu ambaye huenda hakuionja hata peni ya mkopo ule. Kwa upande wako wewe mkopeshaji hiyo ni habari njema, wala sitajifanya haikuwa hivyo: tundu la mdaiwa kuhama, ambalo mali kauli inaliacha wazi kabisa, mdhamini ndiye kizibo chake. Ila kumbuka mfua chuma huyo bado ni jirani yako, na farasi wako bado anahitaji viatu.

Gharama yenyewe? Mwandishi wa hati analipwa, na kijijini si rahisi kumpata. Roger Lowe, kijana mwanagenzi aliyesimamia duka huko Ashton-in-Makerfield, Lancashire, katika miaka ya 1660, alikuwa akiitwa na majirani kuwaandikia hati na wosia kwa sababu tu mkono wake ulikuwa mzuri. Ukosee neno, umejiharibia mwenyewe.

Kuhusu riba, kuwa makini na mwaka uliopo. Tangu sheria ya 1571, riba isiyozidi asilimia 10 ilivumiliwa, kwa hiyo pauni 5 zako zingezaa shilingi 10 kwa mwaka. Mwaka 1624 kikomo kilishushwa hadi asilimia 8, 1651 hadi 6, 1714 hadi 5. Kati ya 1552 na 1571 riba yoyote ilikuwa haramu, na John Shakespeare aliyaonja hayo: mwaka 1570 alishtakiwa kwa kukopesha pauni 80 na pauni 100 na kutoza pauni 20 juu ya kila mkopo. Angengoja mwaka mmoja na kupunguza tamaa, huenda asingeguswa.

Rehani

Hii nitaipitia haraka, kwa sababu kwa pauni 5 haikufai sana. Chungu cha shaba au koti vinaweza kuwekwa kwa shilingi chache, na wanawake wengi walifanya hivyo. Ardhi ndiyo rehani yenyewe, nayo inaonekana imara hadi siku ya kuikomboa. Mwaka 1578 John Shakespeare aliweka rehani nyumba na ardhi ya mkewe huko Wilmcote kwa shemeji yake Edmund Lambert, akapata pauni 40 za kurudishwa Septemba 1580. Siku ilipofika, kwa maelezo ya familia, John alipeleka pesa na Lambert akakataa kuzipokea, akisema kuna madeni mengine yalipwe kwanza. Ardhi ikabaki kwa akina Lambert. Kesi ziliendelea hadi miaka ya 1590, zikafika Chancery, na ardhi haikurudi. Hao walikuwa ndugu. Ukikopesha kwa rehani huogopi mdaiwa kufa wala kuhama, maana ardhi haihami, lakini jiandae kununua ugomvi wa vizazi viwili.

Sasa, uchague nini?

Kama wewe ni mjane uliyeachiwa pauni 5 na hizo ndizo mkate wako wa uzeeni, usinisikilize habari za ujirani. Chukua hati ya muhuri yenye mdhamini mmoja au wawili wasio wa nyumba moja na mkopaji, upokee riba yako siku ya 25 Machi, na hati uifungie kwenye sanduku lenye kufuli. Wajane wengi wa Uingereza waliishi hivyo, na mjane, tofauti na mke, aliweza kudai kwa jina lake mwenyewe.

Kama wewe ni mkulima kijana unayejenga jina, ningegawa. Shilingi 60 ziende kwa hati kwa mtu mmoja mwenye ardhi. Shilingi 40 zilizobaki zisambaze kwa mali kauli, shilingi 10 kwa kila mmoja wa watu wanne ambao nawe utawahitaji: mhunzi, mwenye maksai wa kulimia, mwoka mikate, na mtu wa mwisho awe yule unayehisi hatalipa kwa pesa bali kwa siku za kuvuna. Hizo shilingi 10 za huyu wa mwisho ndizo zitakazokurudia mapema kuliko zote, kwa sababu mavuno hayasubiri na mikono ya kuvuna haipatikani kwa hati. Mimi binafsi ningeanzia hapo.

Kwa mgeni, mpita njia, mtu wa kijiji cha mbali: asiye na mdhamini wa hapa hapewi. Akiacha chungu chake cha shaba, mpe nusu ya bei ya chungu.

Na njia yoyote utakayoishika, usiuache mwezi wa Septemba upite bila kukaa na kila mdaiwa na kulinganisha hesabu mbele ya mtu wa tatu. Ukiona afya inayumba, mwite mwandishi mapema, umtajie kila deni kwa jina la mdaiwa, kiasi chake, na kama mdaiwa ni mke wa mtu, jina la mume atakayelipa.